Neno Lililofungua Milango

Ni rahisi kusema kwamba binadamu wote ni ndugu. Mwanachama huahidi hivyo siku anapoipokea kadi yake, na wenziwe humpigia makofi. Lililo gumu ni kulisema neno hilo hilo siku ambayo dola imekwisha kutoa amri kwamba wako watu fulani ambao si ndugu, na askari wamesimama mlangoni na orodha ya majina mkononi. Siku hiyo ndipo ajulikanapo aliyetamka kwa moyo na aliyetamka kwa ulimi tu.

Twataka leo kuwasimulia wasomaji wetu habari ya siku kama hiyo. Ilitokea Ufaransa mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wayahudi walipokuwa wakikamatwa na kupelekwa kuuawa. Wahusika wake ni Wakatoliki: mzee mmoja aliyepooza, mwanamke mmoja mwenye baisikeli, mpiga chapa mmoja, na mtawa mmoja wa kijijini. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulikaririshwa majina mengi ya Mapapa na ya watakatifu, lakini hayo hatukuyasikia. Twayaeleza si kwa ajili ya kulisifu Kanisa wala kulishitaki. Twayaeleza kwa kuwa yamo ndani yake mafunzo kwa kila umoja wa watu, uwe wa dini au wa siasa, juu ya kazi ya kiongozi na kazi ya mwanachama wa kawaida.

MAOVU YAJAYO KWA HATUA

Ufaransa ilishindwa na majeshi ya Ujerumani mwezi Juni 1940. Sehemu ya kaskazini ikakaliwa na Wajerumani. Sehemu ya kusini ikaachwa chini ya serikali ya Jemadari Philippe Pétain, iliyokaa katika mji wa Vichy. Wayahudi waliokuwa Ufaransa wakati huo walikuwa kama 330,000, na karibu nusu yao walikuwa wageni waliokimbia mateso Ujerumani, Austria, Poland na kwingineko.

Maovu hayakuanza kwa magari ya moshi. Yalianza kwa makaratasi. Tarehe 3 Oktoba 1940 serikali ya Vichy, bila ya kushurutishwa na Wajerumani, ilitoa sheria ya kuwatenga Wayahudi: wasishike kazi za serikali, wasifundishe shuleni, wasiongoze magazeti. Mwezi Juni 1941 ikatoka sheria ya pili, kali kuliko ya kwanza, na Wayahudi wakaamriwa kwenda kujiandikisha. Wazee wa Kenya waliopata kufungwa kipande shingoni wakati wa ukoloni hawahitaji kuelezwa maana yake. Mtu akisha kuandikwa katika daftari la dola kuwa ni mtu wa namna nyingine, kumkamata ni kazi ya siku moja.

Je, maaskofu walifanya nini katika miaka miwili hiyo? Ukweli na usemwe: hadharani walinyamaza. Wengi wao walimwona Pétain kuwa mkombozi aliyerudisha heshima ya dini na ya jamaa. Serikali yake ilikuwa imezipa shule za Kanisa msaada wa fedha ambao zilikuwa zimeulilia kwa miaka mingi. Mwezi Julai 1941 makardinali na maaskofu wakuu wa sehemu iliyokaliwa na Wajerumani walitangaza utii wao kwa utawala uliopo. Waliotengwa hawakuwa waumini wao, na mkono unaokulisha ni vigumu kuukemea. Ndivyo ukimya unavyonunuliwa. Mara chache hununuliwa kwa hongo ya wazi, aghalabu hununuliwa kwa fadhila.

Kisha mambo yakafika ukingoni. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 askari polisi wa Kifaransa, si Wajerumani, waliwakamata Wayahudi karibu 13,000 katika mji wa Paris, na kati yao watoto walizidi 4,000. Wengi walisongamanishwa katika uwanja wa mashindano ya baisikeli, katika joto kali, bila ya maji ya kutosha. Upande wa kusini, ambako hapakuwa na jeshi la Wajerumani hata moja, serikali ya Vichy ilikubali kuwatoa Wayahudi wageni 10,000. Mwezi Agosti magari ya moshi yakaanza kuondoka kutoka kambi za kusini kwenda Drancy, karibu na Paris, na kutoka Drancy kwenda Auschwitz.

MZEE WA TOULOUSE

Askofu Mkuu wa Toulouse alikuwa Jules-Géraud Saliège, mzaliwa wa nchi ya milima ya Cantal. Mwaka 1942 alikuwa na umri wa miaka 72. Kiharusi kilikuwa kimempooza miaka kadhaa kabla ya hapo. Hakuweza kutembea bila ya kusaidiwa, na usemi wake ulikuwa mzito hata asiyemzoea hakumfahamu. Kwa macho ya mtawala, huyu hakuwa mtu wa kuogopwa.

Lakini kambi mbili, Noé na Récébédou, zilikuwa ndani ya jimbo lake, na watu waliowaona wafungwa wakipakiwa katika mabehewa walikwenda kumwambia. Miongoni mwa waliofika kwake alikuwamo Charles Lederman, mwanasheria Myahudi, tena Mkomunisti. Aliyempa barua ya kumtambulisha ni padre Mjesuiti wa Lyon, Henri de Lubac. Msomaji na atafakari jambo hilo. Mkomunisti alibisha hodi kwa Askofu Mkuu, na Askofu Mkuu akamkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyeuliza kwanza mwenzake ni wa itikadi gani.

Saliège akatunga waraka wa kusomwa katika makanisa yote ya jimbo lake Jumapili tarehe 23 Agosti 1942. Ulikuwa mfupi, haukujaza hata ukurasa mmoja. Alisema kwamba haki za binadamu zatoka kwa Mungu. Mtu aweza kuzivunja, lakini hakuna mwenye kufa awezaye kuzifuta. Alisema kwamba watoto, wanawake na wanaume wanatendewa kama kundi la mifugo, watu wa jamaa moja wanatenganishwa na kupelekwa mahali pasipojulikana. Akazitaja Noé na Récébédou kwa majina. Kisha akasema jambo ambalo katika siku za kawaida mtoto mdogo angelicheka kuambiwa: kwamba Wayahudi ni watu, wanaume wao ni wanaume na wanawake wao ni wanawake, wala si halali kuwatendea lolote mtu apendalo. Ni sehemu ya wanadamu. Ni ndugu zetu. Na Mkristo hana ruhusa ya kulisahau hilo.

Mkuu wa mkoa alipopata habari alijaribu kuuzuia. Maneno mawili makali yalilainishwa katika baadhi ya nakala, na mapadre wengine wakaingiwa na hofu. Hata hivyo waraka ulisomwa katika makanisa mengi Jumapili hiyo, na katika mengine Jumapili iliyofuata. Baada ya hapo haukuweza kurudishwa tena ndani ya chungu. Watu waliunakili kwa mkono na kwa taipu, magazeti ya siri yakauchapa, na redio ya London ikautangaza. Mzee asiyeweza kupaza sauti alisikika Ufaransa nzima.

BAISIKELI YA MARIE-ROSE GINESTE

Jirani ya Toulouse uko mji wa Montauban. Askofu wake, Pierre-Marie Théas, naye akaandika waraka siku chache baadaye, akiwatangaza Waarya na wasio Waarya kuwa ni ndugu walioumbwa na Mungu mmoja, na kuzishutumu hatua zilizochukuliwa juu ya Wayahudi. Swali likawa: utafikaje vijijini? Posta ilikuwa ikifungua barua. Waraka ukipelekwa kwa posta utaishia mezani kwa polisi.

Marie-Rose Gineste, mwanamke kijana aliyekuwa akifanya kazi ya kuwahudumia watu wenye shida katika mji huo, akasema kazi hiyo aachiwe yeye. Akapiga nakala kwa taipu na kwa mtambo wa kurudufia. Kisha akapanda baisikeli yake. Akaenda parokia baada ya parokia, akipanda vilima na kuteremka katika joto la Agosti, akimkabidhi kila padre nakala yake mkononi. Jumapili tarehe 30 Agosti 1942 waraka ukasomwa jimbo zima, na polisi hawakuwa na habari mpaka waumini walipokwisha kuusikia.

Wanachama waliopata kubeba makaratasi ya chama kwa baisikeli kutoka tawi hadi tawi, kabla ya uhuru, watamfahamu mwanamke huyu bila ya maelezo. Askofu aliandika, lakini bila ya miguu ya Marie-Rose, waraka ungebaki kuwa karatasi. Wala hakuishia hapo. Askofu Théas alimpa kazi ya kutafuta mahali pa kuwaficha Wayahudi, na mpaka vita vilipokwisha alikuwa akiwatafutia vyeti vya bandia na kadi za chakula cha mgawo. Baisikeli ile baadaye aliitoa iwekwe katika jumba la ukumbusho la Yad Vashem, Jerusalem.

Yafaa tujue waraka hizo zilikuwa na matokeo gani kwa watawala. Mwanzoni mwa Septemba 1942 Pierre Laval, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Vichy, aliwaambia wakubwa wa SS kwamba upinzani wa Kanisa umemtia katika taabu, akaomba asishurutishwe kuahidi idadi mpya ya watu. Magari ya moshi hayakukoma. Lakini mwendo wake ulipungua, na kila juma lililopatikana lilikuwa nafasi ya kuwaficha watu wengine. Utawala uliokuwa ukijidai kuitetea dini haukuweza kustahimili kuaibishwa na watu wa dini. Hapo ndipo inapoonekana thamani ya neno la mkubwa, na hapo hapo ndipo inapoonekana uzito wa hatia ya kulikalia neno hilo miaka miwili.

USIKU WA VÉNISSIEUX

Tarehe 26 Agosti 1942 polisi wa Vichy waliwasaka Wayahudi wageni katika sehemu yote ya kusini. Waliokamatwa katika nchi ya Lyon walikusanywa katika kambi ya Vénissieux, kiungani mwa mji. Wafanyakazi wa kuwahudumia wafungwa waliruhusiwa kuingia. Kati yao walikuwamo watu wa umoja ulioitwa Amitié chrétienne, yaani Urafiki wa Kikristo, ambao Wakatoliki na Waprotestanti waliuendesha pamoja. Na watu wa OSE, shirika la Kiyahudi la kuwatunza watoto.

Padre Alexandre Glasberg, aliyezaliwa Myahudi huko Ukraine, mhandisi Georges Garel, aliyekuwa Myahudi, na wenzao waligundua kwamba kulikuwa na njia moja tu. Kwa wakati ule watoto wasio na wazazi waliweza kuachwa. Basi ikapasa usiku ule wa tarehe 28 kuamkia 29 Agosti kuwaendea wazazi mmoja mmoja, katika giza, na kuwaomba watie sahihi karatasi ya kuwatoa watoto wao. Hapakuwa na muda wa kueleza. Wako waliotia sahihi kimya. Wako waliolia na kukataa mpaka dakika ya mwisho. Alfajiri watoto 108 walitolewa kambini. Wazazi na wafungwa wengine, zaidi ya 500, walipakiwa katika gari la moshi.

Mkuu wa mkoa alipogundua yaliyotendeka aliamuru watoto warudishwe. Padre Pierre Chaillet, Mjesuiti aliyekuwa kiongozi wa Amitié chrétienne, alikataa kusema waliko. Kwa ajili hiyo alipelekwa Privas na kuzuiliwa huko. Kardinali Pierre Gerlier, Askofu Mkuu wa Lyon, ambaye hapo mwanzo alikuwa miongoni mwa waliomsifu Pétain sana, naye alikataa kuwatoa. Tarehe 6 Septemba waraka wake mwenyewe ukasomwa makanisani. Watoto 108 walikuwa wamekwisha kutawanywa katika nyumba za watawa, katika mashamba na katika nyumba za watu wa kawaida.

WATOTO WALIOSEMEKANA NI WA WAKOMUNISTI

Baada ya usiku ule Georges Garel aliombwa na OSE kuunda mtandao wa siri wa kuwaficha watoto kwa majina ya uongo. Alihitaji nyumba nyingi ambazo hakuna atakayeshangaa kuona watoto wageni. Akaenda Toulouse kwa mzee Saliège. Saliège akamfungulia nyumba za Kanisa. Mtandao huo uliwaficha watoto zaidi ya 1,000, na kazi kubwa ya kuwapeleka, kuwatembelea na kuwalipia ilifanywa na vijana wa Kiyahudi wenyewe. Tusiseme kamwe kwamba Wayahudi walikaa tu kungoja kuokolewa.

Nyumba mojawapo ilikuwa shule ya watawa ya Notre-Dame de Massip, huko Capdenac. Mkuu wake, Sista Denise Bergon, alikuwa bado kijana. Alimwandikia Saliège kumwuliza: kuwaficha watoto hawa kutanilazimu kusema uongo kila siku, je, yafaa? Askofu Mkuu akamjibu kwamba waseme uongo, mradi waokoe maisha ya watu.

Sista Denise akawapokea watoto zaidi ya 80, na watu wazima wachache. Ndani ya nyumba yenyewe ni watu wachache sana waliojua siri. Shida ikaja kanisani. Watoto hawakujua kufanya ishara ya msalaba, hawakujua lini wapige magoti wala lini wasimame. Wengine wangeuliza. Basi jibu likatayarishwa: hawa ni watoto kutoka miji ya viwanda, wazazi wao ni wafanyakazi wa Kikomunisti, ndiyo maana hawaijui dini. Na jibu hilo likaaminiwa! Wafanyakazi wa Ufaransa, bila ya wao kujua, wakawa baba na mama wa watoto wa Kiyahudi ndani ya nyumba ya watawa.

Vito na vitu vya thamani vilivyoachwa na wazazi, Sista Denise alivifukia ardhini ili vije virudishwe kwa wenyewe. Mwaka 1944, kikosi cha SS kilichoitwa Das Reich kilipokuwa kikizunguka katika nchi ile, aliwaficha watoto waliokuwa katika hatari zaidi katika shimo jembamba chini ya sakafu ya kanisa. Walikaa humo siku kadhaa, wamejikunyata. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekamatwa katika nyumba ile.

WALIOLIPA

Asidhani msomaji kwamba mambo hayo yalifanywa bure. Eugène Pons alikuwa na kiwanda kidogo cha chapa mjini Lyon. Hapo ndipo yalipochapwa magazeti ya siri ya makundi mbalimbali ya wapigania uhuru, pamoja na *Témoignage chrétien*, jarida lililoanzishwa na Padre Chaillet mwezi Novemba 1941 kuwatahadharisha Wakristo juu ya sumu ya Wanazi. Pons alikamatwa mwezi Mei 1944. Alifia katika kambi ya Neuengamme mwaka 1945. Hakuandika hata mstari mmoja katika magazeti hayo. Alipanga herufi tu na kuzungusha mtambo. Sisi wa kazi ya magazeti twapaswa kulijua jina lake.

Padre Jacques, Mkarmeli, mkuu wa shule ya Avon, alificha wavulana watatu wa Kiyahudi darasani na kumpa kazi mwalimu Myahudi. Tarehe 15 Januari 1944 Gestapo wakafika. Wavulana na mwalimu waliuawa. Padre Jacques alipelekwa katika kambi za Mauthausen, akaishi mpaka akaona ukombozi, akafa Linz tarehe 2 Juni 1945 kwa kudhoofika. Askofu Théas alikamatwa Juni 1944 na kuwekwa katika kambi ya Compiègne. Mwezi huo huo Gestapo walikwenda kumkamata Saliège, wakamkuta katika hali ya ugonjwa, wakamwacha.

HOJA YA WALIONYAMAZA

Wako wasemao kwamba kunyamaza kulikuwa ni hekima. Hoja yao si ya kupuuzwa. Tarehe 26 Julai 1942 maaskofu wa Uholanzi walisoma makanisani waraka wa kupinga kuhamishwa kwa Wayahudi. Juma moja baadaye, tarehe 2 Agosti, Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliokuwa wamebatizwa kuwa Wakatoliki, akiwamo mtawa na mwanafalsafa Edith Stein, aliyeuawa Auschwitz tarehe 9 Agosti. Papa Pius wa Kumi na Mbili mwenyewe, katika hotuba yake ya redio ya Krismasi 1942, aliwataja mamia ya maelfu ya watu waliohukumiwa kufa kwa sababu ya taifa au nasaba yao, lakini neno Wayahudi hakulitamka. Wayahudi zaidi ya 1,000 walipochukuliwa kutoka Roma mwezi Oktoba 1943, nyumba nyingi za watawa mjini humo ziliwafungulia mlango waliobaki, huku Papa akinyamaza hadharani. Wanahistoria wangali wakibishana juu yake, na mabishano hayakwisha hata baada ya Vatikani kuzifungua hati za zamani zake mwaka 2020.

Sisi twaona hivi. Huko Uholanzi, Wayahudi ambao hawakubatizwa walikuwa wakipelekwa kuuawa kabla ya waraka na baada ya waraka, ukimya usingaliwaokoa. Wanazi hawakupata kumrehemu mtu kwa sababu jirani yake alinyamaza. Na huko Ufaransa, kati ya Wayahudi 330,000, waliohamishwa walikuwa zaidi ya 75,000, na waliorudi hai ni kama 2,500 tu. Lakini karibu robo tatu ya Wayahudi wa nchi hiyo walisalimika. Kanisa halina haki ya kuidai sifa hiyo peke yake. Upana wa nchi ulisaidia, mipaka ya Uswisi na Hispania ilisaidia, Waprotestanti wa Le Chambon-sur-Lignon walisaidia, mashirika ya Kiyahudi yalifanya kazi usiku na mchana, na maelfu ya wakulima na makarani walifunga vinywa. Lakini neno la Saliège na wenzake lilikuwa na kazi yake maalumu. Lilimwambia padre mwoga, mtawa mwenye wasiwasi na karani mwenye huruma: ukifungua mlango wako, hutakuwa peke yako.

Lipo doa jingine tusilolificha. Baada ya vita si watoto wote waliorudishwa kwa wenyewe. Ndugu wawili wa ukoo wa Finaly, huko Grenoble, walibatizwa mwaka 1948 bila ya ridhaa ya jamaa zao, kisha wakafichwa na watu wa Kanisa hata ng'ambo ya mpaka, ili wasirudishwe kama mahakama ilivyoamuru. Walirudishwa kwa jamaa yao mwaka 1953, baada ya fadhaa kubwa. Kumwokoa mtu si kumnunua. Anayemtoa mwenzake majini kisha akamfanya mali yake, ameharibu nusu ya kazi yake.

SOMO KWETU

Tarehe 30 Septemba 1997 maaskofu wa Ufaransa walisimama Drancy, pale pale magari ya moshi yalipoanzia, wakakiri mbele ya watu kwamba ukimya wa wakuu wao wa zamani ulikuwa ni kosa, na wakaomba msamaha. Saliège alikuwa amekufa tangu mwaka 1956. Yeye hakuwa na haja ya kuombewa msamaha katika jambo hilo, isipokuwa labda kwa miezi ile ya kwanza ambayo hata naye hakuwa amepaza sauti yake kiasi hicho.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulikuwa ile sheria ya Oktoba 1940, iliyomwondoa mwalimu darasani kwa sababu ya nasaba yake. Siku ile sauti moja ya Askofu ingaligharimu kidogo. Mwaka 1942 gharama ilikuwa kubwa, na maelfu walikuwa wamekwisha kuondoka. Kiongozi anayengoja mpaka damu imwagike ndipo aseme, atasema kweli, lakini atakuwa akisema juu ya makaburi.

Na mwanachama wa kawaida asije akajificha nyuma ya kiongozi wake. Maaskofu wengi wa Ufaransa hawakusema kitu hata mwisho, na katika majimbo yao pia walikuwako watu waliofungua milango. Orodha za kuwatesa watu haziandikwi na wakubwa peke yao. Huandikwa na karani, hupigwa mhuri na mjumbe, hubebwa na tarishi, husomwa na askari. Kila mmoja wa hao ana mkono wake, na mkono huo waweza kusita. Siku jirani atakapoitwa mgeni, kupe au adui kwa sababu ya kabila lake, dini yake au rangi yake, swali halitakuwa Chama kimesema nini, bali sisi wanachama tutafanya nini asubuhi ile. Marie-Rose Gineste hakungoja kuteuliwa. Aliona kazi imesimama kwa kukosa miguu, akapanda baisikeli.